Ghadhabu ya Mwalimu wa Mpira na Dawa Yake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad, jamaa zake na sahaba zake, twasema:

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi alisimama kijana mmoja, ambaye kila jioni huwafundisha mpira watoto wa mtaani kwake, akauliza suala lililotunyamazisha sote. Alisema: “Mimi ninaposimama ukingoni mwa uwanja, na mtoto akaupoteza mpira kwa uzembe, hupandwa na ghadhabu hata nikamtukana. Mwezi uliopita nilimpiga mmoja kofi la uso mbele ya wenziwe. Tangu siku ile hakurudi uwanjani. Baba yake ni rafiki yangu, na sasa twapitana njiani hatusemezani. Wenzangu wananiambia nisijali, hiyo ni ghera ya kazi, na kwamba walimu wakubwa wa mpira wa Ulaya ndivyo walivyo. Je, ni kweli?”

Tuliona kwamba suala hili si la kujibiwa kwa neno moja, wala si la kijana huyu peke yake. Basi tumeliandikia somo hili, ili lisomwe na kila aliyewekwa juu ya wengine.

GHADHABU NI NINI

Ghadhabu kwa asili yake si dhambi. Ni nguvu aliyoitia Mwenyezi Mungu ndani ya mwanadamu ili aitetee nafsi yake, dini yake na watu wake. Imam Ghazali, katika kitabu chake Ihya Ulumid-Din, amewagawanya watu katika nguvu hii mafungu matatu. Wako waliopungukiwa nayo hata hawaoni uchungu kwa jambo lolote. Wako waliopita mpaka, hata akili yao na dini yao zikawa chini ya ghadhabu yao. Na wako wa katikati, ambao ghadhabu yao hungoja amri ya akili na ya sharia, ikainuka panapopasa na ikatulia panapopasa. Hawa wa katikati ndio wanaosifiwa.

Madaktari nao wanatueleza kinachopita mwilini. Mtu akighadhibika, mwili wake humimina katika damu homoni iitwayo adrenalini; moyo hupiga mbio, damu hupanda, misuli hukaza, na fikira hufungamana na kile kitu kimoja kilichomuudhi. Mwili hapo umejiweka tayari kupigana au kukimbia. Hali hii yamfaa mtu aliyekutana na simba. Haimfai mtu ambaye kazi yake ni kuwatazama wachezaji 22 kwa pamoja na kufikiri.

Na mwalimu wa mpira ana mtihani ambao mafundi wengine hawana. Seremala akikosea, mkono uliokosea ni wake, na mkono huo huo utatengeneza. Mwalimu wa mpira kazi yake, mshahara wake na jina lake vimo katika miguu ya watu wengine. Kwa dakika 90 amechorewa eneo lake kando ya mstari. Huona kosa likija, wala hawezi kuugusa mpira. Basi ukiichunguza ghadhabu yake utaona kwamba mara nyingi haitoki katika nguvu, bali hutoka katika kutoweza. Hupiga kelele kwa sababu hana analoweza kulifanya zaidi ya hilo.

Hapa ndipo tunapoielewa hadithi mashuhuri waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abu Hurayra (R.A.), ambayo maana yake ni kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mieleka, bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Mtume (S.A.W.) hakusema kwamba mwenye nguvu haghadhibiki. Alisema kwamba humiliki. Na kumiliki kwataka kiwepo kitu cha kumilikiwa.

MAMBO YALIYOTUKIA

Kijana wetu aliambiwa kwamba wakubwa wa Ulaya ndivyo walivyo. Na tuwatazame basi. Hatuwataji kwa kuwasengenya, kwani mambo haya yalitendeka mbele ya maelfu ya watu au yamekwisha elezwa na wenyewe, na hukumu zake zilitangazwa. Tunawataja kwa kupata mazingatio.

Mwezi wa Februari mwaka 2003 Manchester United ya Uingereza ilifungwa nyumbani kwake na Arsenal mabao 2 kwa 0 katika mashindano ya Kombe la FA. Katika chumba cha kuvalia, mwalimu wao Alex Ferguson alikipiga teke kiatu kilichokuwa sakafuni. Kiatu kikaruka kikampata David Beckham juu ya jicho, ikabidi ashonwe. Ferguson hakukusudia kumpiga. Lakini hiyo ndiyo hali ya ghadhabu: hukipiga kiatu wala haijui kitaangukia wapi. Kabla ya msimu mpya kuanza, Beckham alikuwa amekwisha uzwa kwa Real Madrid ya Hispania.

Wako watakaosema: “Lakini Ferguson alishinda!” Naam, kati ya mwaka 1986 na 2013 aliipatia timu yake ubingwa wa ligi mara 13. Lakini lau ghadhabu ndiyo iletayo ushindi, kila mkali angekuwa bingwa, na viwanja vyetu vya mtaani vingejaa mabingwa. Mtu huyu alishinda kwa kuwajua wachezaji, kwa kuamka mapema, na kwa kulea vijana tangu utotoni. Anayeiga ukali wake na kuyaacha hayo ni kama mtu aliyemwona tabibu hodari akikohoa, naye akaenda akakohoa akidhani amekuwa tabibu.

Tarehe 2 Mei 2012, mjini Florence nchini Italia, mwalimu wa Fiorentina, Delio Rossi, alimtoa uwanjani kijana wake Adem Ljajić kabla ya mapumziko, timu ikiwa nyuma. Kijana akampigia makofi ya kejeli. Rossi akamrukia pale pale kwenye benchi akampiga, na dunia nzima ikitazama. Usiku ule ule alifukuzwa kazi, kisha akafungiwa miezi mitatu. Kijana alikosa adabu, hapana shaka. Lakini ni nani leo akumbukaye kosa la kijana? Ghadhabu ya mkubwa imelifunika kosa la mdogo, na mwenye haki akageuka mwenye kuhukumiwa.

Wala usidhani kwamba ghadhabu huja katika kushindwa tu. Tarehe 1 Machi 2014, Newcastle United ilikuwa ikielekea ushindi wa mabao 4 kwa 1 juu ya Hull City. Mchezaji wa Hull, David Meyler, alipita karibu na mwalimu wa Newcastle, Alan Pardew, akiufuata mpira uliotoka, wakagusana. Pardew akamsukuma kwa kichwa chake usoni. Klabu yake mwenyewe ikamtoza pauni 100,000, na Chama cha Mpira cha Uingereza kikamtoza pauni 60,000 na kumfungia michezo 7. Alikuwa anashinda, na bado hakuimiliki nafsi yake.

Tukio la nne lina machungu, na lina mafunzo pia. Mwezi wa Agosti mwaka 2011, katika fujo la mwisho wa mchezo baina ya Barcelona na Real Madrid, mwalimu wa Madrid, José Mourinho, alimwendea kwa nyuma msaidizi wa Barcelona, Tito Vilanova, akamtia kidole jichoni. Miezi michache baadaye Vilanova alionekana ana saratani, na mwezi wa Aprili mwaka 2014 akafa. Mwaka 2012, Vilanova akiwa hai, Mourinho alisema hadharani kwamba hakupaswa kufanya lile, na kwamba kosa lilikuwa lake. Na tujiulize, ingekuwaje lau angelichelewa kulisema? Hakuna ajuaye umri uliobaki wa yule aliyemkosea.

GHERA NA HASIRA

Sasa twaja kwenye lile neno “ghera.” Bibi Aisha (R.A.) ametueleza, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) hakujilipizia kisasi kwa ajili ya nafsi yake hata mara moja, alighadhibika pale tu ilipovunjwa miko ya Mwenyezi Mungu. Hiki ndicho kipimo. Ukighadhibika, jiulize: ninaghadhibika kwa ajili ya nani? Mtoto aliyepoteza mpira hakuvunja mwiko wowote wa Mwenyezi Mungu. Alikuaibisha wewe mbele ya watu waliosimama ukingoni. Basi ile uliyoiita ghera ni kiburi cha nafsi kilichovaa kanzu ya ghera.

Tena wazee wetu wa pwani wamesema kwamba hasira za mkizi ni furaha ya mvuvi. Mkizi huruka kwa ghadhabu yake mwenyewe akaangukia chomboni. Walimu wengi wa mpira wamechokozwa makusudi na wapinzani wao, kwa sababu mpinzani ajua kwamba mwalimu akishapandwa na hasira, timu yake imebaki bila ya kichwa.

MWALIMU NI KADHI MDOGO

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Bakra (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) amemkataza mwenye kuhukumu asihukumu baina ya watu wawili hali ya kuwa ana ghadhabu. Wanavyuoni wamesema sababu yake ni kuwa ghadhabu huishughulisha akili isiitazame haki. Na mwalimu wa mpira je, kazi yake ni nini isipokuwa kuhukumu? Nani acheze na nani akae, nani atolewe na nani atiwe, nani asifiwe na nani aonywe. Kila hukumu aitoayo na hali damu imempanda kichwani imo katika hatari ya kuwa dhuluma.

Watu wa mpira wenyewe wameliona jambo hili. Tangu mwaka 2019 sheria za mchezo zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha mwalimu kadi ya manjano au nyekundu, kama anavyomwonyesha mchezaji. Na tena ikiwa kosa limetendwa katika benchi na haikujulikana ni nani aliyelitenda, kadi humwangukia mwalimu mkuu aliyepo. Mwislamu akisikia haya hashangai. Kwetu twajua tangu zamani kwamba kila mmoja ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Na kama mtu anataka ushahidi kwamba utulivu si udhaifu, amtazame Carlo Ancelotti wa Italia. Huyu ni mashuhuri kwa upole wake na wachezaji, na ndiye mwalimu aliyechukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya mara 5: mwaka 2003 na 2007 na Milan, kisha mwaka 2014, 2022 na 2024 na Real Madrid. Amechukua ubingwa wa ligi katika Italia, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Hispania. Hata yeye, mwezi wa Februari mwaka 2017 mjini Berlin, alitemewa mate na mtazamaji, akajibu kwa ishara mbaya ya kidole. Alikiri, akatoa euro 5,000 za sadaka. Tumelitaja hili ili mtu asidhani kwamba wapole wameumbwa bila ya ghadhabu. Wanayo, na mara moja moja huwashinda. Upole wao ni kazi ya kila siku.

SOMO LA UHUD

Lakini mfano wetu mkubwa hautoki Ulaya. Wala hatuulinganishi mchezo na vita vya Mtume. Twatafuta mwongozo tu, nao umo humo.

Mwaka wa 3 wa Hijra, katika vita vya Uhud, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale 50 juu ya kilima, akawaamrisha wasiondoke mahali pao kwa hali yoyote mpaka awaitishe. Walipoona adui amekimbia, wengi wao waliacha mahali pao wakashukia ngawira. Adui akazunguka kwa nyuma. Waislamu kiasi cha 70 wakauawa, miongoni mwao Hamza, ami yake Mtume, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa uso na kuvunjwa jino.

Ni kiongozi gani duniani aliyepata sababu ya ghadhabu kubwa kuliko hiyo? Amri ilikuwa wazi; waliivunja; na damu ikamwagika. Kisha ikateremka aya ya 159 katika Sura ya Aal Imran. Maana yake ni kwamba kwa rehema ya Mwenyezi Mungu Mtume amekuwa laini kwao, na lau angelikuwa mkali mwenye moyo mgumu wangelimkimbia; basi awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao katika mambo.

Zingatia, ewe msomaji, hilo la kushauriana. Kabla ya vita Mtume (S.A.W.) alishauriana nao, naye akipendelea wabaki Madina, vijana wakataka kutoka, akawafuata. Baada ya msiba ule mtu angelidhani kwamba mlango wa shauri utafungwa. Mwenyezi Mungu ameamrisha ubaki wazi. Na zingatia pia hilo la kukimbiwa. Qurani imetaja matokeo ya ukali kwa neno moja: watu hutawanyika. Kijana wetu hakuhitaji tafsiri ndefu ya aya hii. Ameshaiona kwa macho yake, katika mahali patupu alipokuwa akisimama mtoto yule.

DAWA YAKE

Mtu mmoja alimwomba Mtume (S.A.W.) wasia, akamwambia asighadhibike; akarudia kuomba mara kadha, na jawabu likawa lile lile. Imo katika Bukhari. Na kwa kuwa amri bila ya njia ni nzito, tumefundishwa na njia zake:

1. Kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na Shetani, kama alivyosema Mtume (S.A.W.) alipomwona mtu uso umemwiva kwa hasira.

2. Kunyamaza. Neno lililozuiliwa waweza kulisema kesho. Neno lililotoka hulirudishi. Mwenye kufundisha mpira na ayaweke makosa yote ya jioni hii mpaka jioni ya kesho.

3. Kukaa. Imepokewa na Abu Daud kwa Abu Dharr (R.A.) kwamba aliyeghadhibika naye amesimama na akae, ikimwondokea ni vyema, la sivyo na alale. Mwalimu wa mpira amewekewa benchi nyuma yake. Na alitumie!

4. Kutawadha. Imepokewa kwamba ghadhabu ni katika moto, na moto huzimwa kwa maji. Baadhi ya wanavyuoni wana maneno juu ya sanadi ya hadithi hii, lakini udhu ni kheri kwa hali yoyote, na mapumziko ya kati ya mchezo yanautosha.

5. Kuwa na mwenzio wa kukukumbusha. Uyayna bin Hisn alimkabili Sayyidna Umar (R.A.) usoni akamwambia kwamba hatoi vya kutosha wala hahukumu kwa uadilifu. Umar akaghadhibika hata akataka kumwadhibu. Al-Hurr bin Qays akamsomea aya ya 199 ya Sura ya Al-Aaraf, inayoamrisha kusamehe na kuwaachilia mbali wajinga. Umar akasimama papo hapo, hakuivuka aya ile. Imo katika Bukhari. Basi kila mwalimu na amchague msaidizi mwenye ujasiri wa kumshika mkono, kisha asimchukie anapomshika.

KWA ALIYEKWISHA KOSA

Kijana aliuliza: “Na lile kofi je?” Tulimjibu hivi. Kwanza, Mtume (S.A.W.) amekataza kupiga uso. Na Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 29, imemhifadhi kila mtu asiadhibiwe kwa kupigwa. Hapana njia ya kulihalalisha kofi lile, si kwa dini wala kwa serikali.

Pili, haki ya mwanadamu haiondoki kwa istighfari peke yake. Yataka umwendee mwenyewe. Nenda nyumbani kwa mtoto, umwombe radhi yeye na baba yake. Kisha uliseme kosa lako mbele ya wale watoto wengine, kwa sababu uliomvunjia heshima mbele yao ndio wapasao kuiona ikirudishwa. Usiogope kwamba utashuka machoni pao. Watakachojifunza siku hiyo hawatakisahau hata watakapokuwa wameuacha mpira.

Tatu, mtoto akirudi uwanjani, mshukuru Mwenyezi Mungu. Asiporudi, usimlaumu. Msamaha ni wake kuutoa, si wako kuudai.

Anas bin Malik (R.A.) aliingia katika utumishi wa Mtume (S.A.W.) akiwa mtoto, akamtumikia miaka 10. Amesema kwamba katika muda wote huo Mtume hakumguna hata kwa neno dogo la kuchoshwa, wala hakumwuliza kwa nini umefanya hili, wala kwa nini hukufanya lile. Mtoto yule akawa mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi. Basi baba mwenye watoto, mwalimu wa chuo mwenye bakora, fundi mwenye wanagenzi, na wewe mwenye duka na vijana wa kazi, msiseme kwamba somo hili ni la watu wa mpira. Kila mmoja wetu ana uwanja wake, na kila uwanja una mtoto mmoja anayekuangalia usoni baada ya kukosea, akingoja kujua wewe ni mtu gani.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wenye kuzuia ghadhabu zao na kuwasamehe watu. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.

MASUALA YA DARSA

1. Taja mafungu matatu ya watu katika ghadhabu, kisha useme wewe uko katika lipi.
2. Ni kipi kipimo cha kupambanua ghera na hasira ya nafsi?
3. Kwa nini kadhi amekatazwa kuhukumu akiwa na ghadhabu, na katazo hili lakuhusu vipi wewe nyumbani kwako?
4. Yuko mtu uliyemkosea kwa hasira ukawa hujamwendea? Suala hili usilijibu darsani. Lijibu kabla ya Ijumaa, mlangoni kwake.